Leso Husomwa Kwanza

Mtaa wa Biashara, pembeni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, mwanamke akikunjua leso huisoma kabla ya kuuliza bei. Anatafuta maneno ya kumtunza mamake, au ya kumjibu mke mwenza bila kufungua kinywa. Mfanyabiashara wa leso Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, alilielewa hilo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Leso zake zilibeba ujumbe wa mvaaji kwa herufi kubwa, na alama ya duka kwa herufi ndogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Pwani nzima ikaijua. Nawe unayeuza mahamri au kuchonga milango, kabla ya kujisifu, muulize mteja anampelekea nani bidhaa hiyo, na kwa shughuli gani. Hadithi ya biashara yako ianzie hapo.