Si Suala la Uteuzi wa Maneno: Matusi ya Wachambuzi wa Kisiasa dhidi ya Wanawake na Wajibu wa Chama

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi amezoea kuuliza kuhusu uteuzi wa maneno. Kwa nini mtunzi ametumia neno hili wala si lile? Swali hilo ni halali linapohusu shairi. Makala haya yanadai kwamba linapohusu tusi alilotupiwa mwanamke hadharani, na hasa viongozi wa chama wanapolifanya kuwa ndilo jibu lao kwa tusi hilo, swali hilo hilo hugeuka kuwa njia ya kukwepa suala la kimaadili. Ili kulithibitisha dai hili tutachunguza tukio moja lililotokea Marekani mwaka wa 2012. Tumelichagua kwa sababu hatua zake zote, tangu ushahidi, tusi, jibu la chama hadi kuombwa radhi, zilifanyika hadharani, na kwa hivyo zinaweza kusomwa kama matini.

Ushahidi na Masimulizi Yake

Mnamo Februari 2012, kamati moja ya Bunge la Wawakilishi la Marekani, iliyokuwa chini ya chama cha Republican, ilijadili iwapo taasisi za kidini zilazimishwe kuhakikisha kwamba bima zao za afya zinagharimia dawa za kupanga uzazi. Chama cha Democratic kilimpendekeza Sandra Fluke, mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho ni chuo cha Kikatoliki, awe shahidi. Hakuruhusiwa. Tarehe 23 mwezi huo alitoa ushahidi wake katika kikao kilichoandaliwa na wabunge wa Democratic peke yao. Alieleza gharama ya dawa hizo kwa wanafunzi, kisha akatoa mfano wa rafiki yake aliyezihitaji kama tiba ya maradhi ya ovari, akashindwa kuzigharimia, na mwishowe akapoteza ovari moja. Kuhusu maisha yake mwenyewe ya faragha hakusema lolote.

Tarehe 29 Februari, Rush Limbaugh, mtangazaji ambaye kipindi chake cha siasa kilikuwa kikisikika kote nchini humo tangu mwaka wa 1988, alimwita Fluke kwa maneno mawili ambayo Kiswahili chake ni malaya na kahaba. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke anayetaka wengine wamlipie dawa hizo anataka kulipwa ili afanye ngono. Kesho yake akaongeza kwamba, ikiwa walipa kodi watagharimia jambo hilo, basi wana haki ya kuonyeshwa picha zake za video. Tarehe 3 Machi, makampuni kadhaa yalipokuwa yameanza kuondoa matangazo yao ya biashara katika kipindi chake, aliomba radhi kwa maandishi. Alisema kwamba maneno aliyoyateua hayakuwa mazuri na kwamba alikusudia kuchekesha.

Tukiyaweka matini haya mawili kando kwa kando, tunaona kwanza kosa la usomaji. Ushahidi ulihusu bima. Masimulizi yakasema kodi. Ushahidi ulihusu dawa inayomezwa kila siku bila kujali idadi ya matendo ya ndoa au yasiyo ya ndoa. Masimulizi yakaifanya kuwa dawa inayonunuliwa kwa kila tendo. Ushahidi ulimhusu mgonjwa. Masimulizi yakamhusu shahidi. Hata hivyo, itakuwa ni kupungukiwa na makini kudhani kwamba huu ulikuwa usomaji mbaya tu. Kila badiliko kati ya haya lilielekea upande mmoja: kumwondoa msemaji kutoka kwenye kiti cha shahidi na kumkalisha kwenye kiti cha mshtakiwa.

Hapa nadharia ya J. L. Austin, kwamba kusema ni kutenda, inatufaa. Mwaka wa 1993 mwanafalsafa Rae Langton aliiendeleza nadharia hiyo kwa kuonyesha kwamba mtu anaweza kunyamazishwa bila kuzibwa kinywa. Anasema, na sauti yake inasikika, ila maneno yake hayahesabiwi kuwa lile tendo alilokusudia kulitenda. Ndivyo tusi hili lilivyokusudiwa kufanya kazi. Fluke alitoa ushahidi; tusi likataka ushahidi huo usikizwe kama ungamo la mzinzi. Uovu wa tusi basi haumo katika ukali wa sauti za maneno yale mawili. Umo katika hadhi ambayo maneno hayo yalinuia kuiondoa, yaani hadhi ya mtu ambaye hoja yake inastahili kujibiwa kwa hoja.

Jibu la Chama

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na wanasiasa wa Republican hawakuweza kukaa kimya. Mitt Romney, aliyekuwa akiwania tiketi ya urais, alisema kwamba hiyo si lugha ambayo yeye angeitumia. Spika John Boehner, kupitia kwa msemaji wake, aliyaita maneno hayo yasiyofaa. Rick Santorum, mpinzani wa Romney, alisema kwamba Limbaugh alitia chumvi mno, lakini mtumbuizaji ana ruhusa ya kufanya hivyo. Haki inatulazimu kueleza kwamba wapo waliozungumza waziwazi zaidi: Seneta Scott Brown alimtaka Limbaugh aombe radhi, na Seneta John McCain akasema kwamba kauli hizo hazikubaliki kabisa.

Tulitazame jibu la Romney kwa jicho la mhakiki. Mtu akisema kwamba yeye hangetumia lugha ile, ameacha wazi uwezekano kwamba angesema jambo lile lile kwa lugha nyingine. Amehukumu fani na kuyanusuru maudhui. Jibu la Boehner lina kasoro iyo hiyo, na aliyeifichua hakuwa mpinzani wake bali George Will, mwandishi wa mrengo wa kihafidhina, aliyesema katika televisheni kwamba neno lisilofaa humstahili mtu aliyeshika uma usio wake mezani. Will aliongeza kwamba viongozi wa Republican walikuwa wakimwogopa Limbaugh. Inastahili kutiliwa maanani kwamba mwombaji radhi naye alikimbilia pale pale walikokimbilia viongozi wake: uteuzi wa maneno. Mkosaji na waamuzi wake walikuwa wamekubaliana kwamba kosa ni la mtindo.

Nani Mwenye Kauli?

Kuna hoja nzito inayoweza kutolewa kukitetea chama. Limbaugh hakuwa mgombea, hakuwa na wadhifa wowote katika chama, wala hakutumwa na yeyote. Kwa nini basi chama kijibu kwa ulimi usio wake? Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Je, kila ulimi una mwajiri?

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika insha aliyoichapisha mwaka wa 1979, alipendekeza tutofautishe nafsi tatu ambazo kwa mazoea tunaziita msemaji: anayetoa sauti, anayeyatunga maneno, na yule ambaye msimamo wake ndio unaowakilishwa na maneno hayo. Huyu wa tatu tunaweza kumwita mwenye kauli. Wahakiki wa riwaya hawana ugeni na utengano huu, kwa kuwa hatumhukumu mwandishi kwa kila neno la msimulizi wake. Lakini vilevile hatumruhusu mwandishi kujificha nyuma ya msimulizi pale ambapo kazi nzima inatwambia kwamba sauti ni moja.

Kazi nzima inasemaje katika kisa hiki? Baada ya Republican kutwaa Bunge la Wawakilishi katika uchaguzi wa mwaka wa 1994, wabunge wake wapya walimfanya Limbaugh kuwa mwanachama wa heshima wa kundi lao. Mwaka wa 2009 Michael Steele, mwenyekiti wa kamati ya kitaifa ya chama hicho, alisema kwamba Limbaugh ni mtumbuizaji tu na kwamba maneno yake huwa ni ya uchochezi; siku chache baadaye ni mwenyekiti aliyemwomba radhi mtumbuizaji. Mwaka wa 2020 Rais Donald Trump alimtunukia Nishani ya Uhuru, ambayo ni miongoni mwa heshima kuu za kiraia nchini humo, wakati wa hotuba ya Hali ya Taifa. Mtu anayeombwa radhi na mwenyekiti wa chama hawezi, siku ya tusi, kugeuka mpita njia. Chama kinachovuna kura zilizopaliliwa na sauti fulani ni mwenye kauli wa sauti hiyo, japo si mtunzi wake, na sharti kiikane kauli hiyo au kiibebe.

Kisingizio cha Utani

Utetezi wa pili ni ule wa kichekesho. Msomaji wa Afrika Mashariki ana ujuzi wa kuupima utetezi huu kuliko wengi, kwa kuwa jamii zetu zimeufanya utani kuwa taasisi. Babu na mjukuu hutaniana, mashemeji hutaniana, kule Tanzania makabila mazima ni watani. Yanayosemwa huweza kuwa makali, na mengine hayasemeki nje ya uhusiano huo. Hata hivyo utani una masharti. Mtani anajulikana kwa mtani wake. Anayetania naye hutaniwa. Na mtani huyo huyo ndiye mwenye kazi maalumu siku ya msiba. Ruhusa ya kutania imefungamana na wajibu.

Limbaugh hakuwa na lolote kati ya haya. Fluke hakuwa mtani wake, bali mtu asiyemjua. Hakuwa na kituo cha redio cha kumjibia. Hapakuwa na msiba ambao mtaniaji angehudhuria. Kicheko kilichokusudiwa kilikuwa cha watu wa tatu, na yeye alikuwa kitu cha kuchekewa. Mzaha mzaha, walisema wahenga, hutumbua usaha.

Kipimo cha Upande wa Pili

Itakuwa ni udanganyifu kuisoma taasubi ya kiume kama maradhi ya chama kimoja. Mwezi Mei mwaka wa 2011 Ed Schultz, mtangazaji wa mrengo wa kushoto, alimtusi mtangazaji wa kihafidhina Laura Ingraham kwa neno mojawapo kati ya yale yale mawili. Aliomba radhi, na kituo cha televisheni cha MSNBC kikamsimamisha kazi kwa wiki moja bila malipo. Mchekeshaji Bill Maher naye alimtusi Sarah Palin kwa matusi ya maumbile ya kike. Kisha, mnamo Februari 2012, akatoa dola milioni moja kwa kamati ya kumuunga mkono Rais Barack Obama. Wito wa kuzirejesha fedha hizo haukuitikiwa. Wapo waliosema kwamba Palin alikuwa mwanasiasa na Fluke alikuwa raia wa kawaida. Tofauti hiyo ipo, nayo inazidisha uzito wa kosa la Limbaugh. Lakini haiwezi kulifanya kosa la Maher kuwa si kosa.

Obama mwenyewe alimpigia Fluke simu, na baadaye akaeleza kwamba aliwafikiria mabinti zake wawili. Ni jibu la kibinadamu, na lilikuwa bora kuliko la wapinzani wake. Hata hivyo linaacha swali: je, mwanamke anastahili heshima kwa kuwa angeweza kuwa binti yetu? Shahidi ana haki ya kusikizwa hata kama si binti wa mtu yeyote tunayemjua, na hata kama maisha yake ya faragha hayampendezi mwenye redio.

Mfano wa Nyumbani

Tungejidanganya pia tukiliona jambo hili kuwa la ugenini. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai aliupinga mradi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, ambalo lingekuwa makao ya gazeti la KANU, chama kilichotawala. Hoja zake zilihusu ardhi ya umma na madeni. Bungeni alijibiwa kwa kukumbushwa kwamba alikuwa ameachika, na Rais Moi akawakumbusha wananchi kwamba mwanamke mwenye kufuata mila huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakuitwa kahaba; lugha iliyotumiwa ilikuwa na adabu zaidi. Kwa hakika hiyo ndiyo sababu ya kuutaja mfano huu. Unathibitisha kwamba maneno yanaweza kubadilishwa na tendo likabaki lile lile: hoja ya mwanamke inaachwa mezani bila kuguswa, na mwili wake, ndoa yake au malezi yake ndiyo yanayojadiliwa.

Hitimisho

Jibu stahiki la chama basi lingekuwaje? Halikuhitaji Republican wabadili msimamo wao kuhusu bima. Lingeweza kusemwa kwa maneno machache: kwamba Fluke alikuja kutoa ushahidi, kwamba aliyoyasema juu yake mtangazaji huyo ni uongo, kwamba sisi tunaupinga ushahidi wake kwa sababu hizi na hizi, na yeye ana haki ya kutujibu. Kauli ya namna hiyo ingemrejesha kwenye kiti alichoondolewa. McCain na Brown walilaani tusi, nao wanastahili kupongezwa. Lakini kulilaani tusi hakutoshi iwapo aliyetusiwa anabaki nje ya mjadala uleule aliokuwa na la kuuchangia.

Kwa wanafunzi wa fasihi funzo ni chungu kidogo. Tumewafundisha watu kwamba lugha ni uteuzi, nao wamejifunza vyema kiasi cha kuutumia uteuzi huo kama kichaka cha kujifichia. Tukisikia tena kiongozi akisema kwamba yeye angechagua maneno mengine, na tumuulize swali ambalo taaluma yetu inatupa haki ya kuliuliza: ni maneno yapi hayo, na yangemfanyia nini huyo mwanamke?