Mfupa Ndani ya Mshipa

Katika picha nyingi za MRI, damu inayokimbia ndani ya mshipa mkubwa huonekana nyeusi. Weusi huo ndio anaoutafuta mtaalamu wa radiolojia anapokagua paja la kijana mwenye osteosakoma, saratani ya mfupa inayopenda kuanzia karibu na goti, hasa miaka ya balehe. Mara chache weusi haupo: mshipa umetanuka, umejaa kitu. Huenda ni damu iliyoganda tu. Huenda pia ni saratani yenyewe, imepenya ukuta wa vena na sasa inapanda kuelekea moyoni. Mgonjwa hudungwa gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha. Bonge la damu la kawaida hubaki lilivyo, la saratani hung'aa kwa kuwa lina vijishipa vyake. Na kwa vile seli za saratani hii hutengeneza mfupa hata nje ya mfupa, CT skani huweza kuonyesha jambo la kuduwaza: mfupa ndani ya mshipa wa damu.

Je, mashine hizi zimeingia katika mambo ya ghaibu, yale yaliyofichika anayoyajua Mungu pekee?

Waislamu walikwisha kulikabili swali hili. Aya ya mwisho ya Sura Luqman inayataja yaliyomo matumboni mwa wazazi miongoni mwa mambo anayoyajua Mungu, na ultrasaundi ilipoanza kutaja jinsia ya mtoto, wanazuoni walitakiwa kutoa jibu. Wengi walisema kilichokwisha kuwepo na kikaonekana kwa chombo si ghaibu tena kwa anayekiona. Jibu lina mantiki. Ila mgonjwa wa saratani haumizwi kichwa na kilichoonekana pekee, anahofia kilichojificha.

Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya osteosakoma mwaka 1977, akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 alianza kuivuka nchi yake mbio kwa mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, kikohozi na maumivu ya kifua vilimsimamisha karibu na Thunder Bay. Saratani ilikuwa mapafuni. Alifariki Juni 1981.

Mwaka 1986 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa wagonjwa wa osteosakoma ambao vipimo havikuonyesha kwamba ugonjwa umesambaa. Waliofanyiwa upasuaji pekee, asilimia 17 tu hawakurudiwa na ugonjwa katika miaka miwili. Walioongezewa tibakemikali, asilimia 66. Ndiyo maana leo hata mtoto mwenye mapafu safi pichani hupewa dawa hizo, na mzazi ana haki ya kuuliza: kwa ugonjwa upi? Daktari hana cha kumwonyesha. Anamtibu mtoto kwa ushahidi wa miili ya wengine, na huo, kwa kweli, ni aina ya imani, japo imepimwa.

Gharama ya imani hiyo haina mwenyewe anayejulikana. Wale 17 katika kila 100 leo nao wangepewa doksorubisini, inayoweza kudhuru moyo, na sisplatini, inayoweza kuharibu masikio. Hakuna picha, hata iwe kali kiasi gani, inayoweza kuwatenga na wenzao kabla ya dozi ya kwanza.