RAMADHANI AU RAMAZANI? (Tafakuri ya Ramadhani 12)

Ndugu zangu wa Mwandiga na mlio safarini.

Hebu wahesabu watu unaowajua wenye jina la mwezi huu. Kuanzia hapa ukashuka mpaka Ujiji utampata Ramadhani na utampata Ramazani, huyu wa pili hasa kwenye nyumba zenye asili ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Waturuki na Wairani nao wanasema Ramazan. Wamisri, Ramadan. Herufi ni moja, dhadi, kila watu wameipokea kwa ulimi walionao, na funga ni ileile.

Sasa mzee wetu yuko darsani, anasoma Fatiha, akifika kwenye dhadi anatoa z. Nyuma kijana anacheka. Nani kati yao ana kesi mbele ya Allah?

Siulizi kwa mchezo. Wapo wazee ambao zamu ikiwafikia wanasema "mpite tu, endeleeni." Walichekwa mara moja, basi. Mtu amefunga Ramadhani hamsini, leo anaogopa kusoma kwa sauti mbele ya mjukuu wake.

Kwanza tujue ulimi wa mtu unavyofungwa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walichapisha walichokiona kwa watoto wachanga: mtoto wa miezi sita hadi minane hutofautisha hata sauti za lugha asizowahi kusikia nyumbani, lakini akikaribia mwaka mmoja uwezo huo unapungua sana. Sikio limeshachagua lugha ya mama. Yaani mzee wetu sikio lake lilichaguliwa kabla hajasimama dede! Mwambie Mwarabu aseme "ng'ombe" uone jasho lake.

Na hiyo dhadi yenyewe, Waarabu wanajiita watu wa lugha ya dhadi. Sibawayhi, mwanachuoni wa karne ya 8 aliyeandika mahali pa kutokea kila herufi, aliieleza kuwa inatoka ubavuni mwa ulimi, kwenye magego. Leo mitaani Cairo utasikia d nzito, Baghdad dh nzito. Na Sibawayhi mwenyewe hakuwa Mwarabu, alikuwa Mwajemi.

Halafu kuna hili la irabu, ambalo vijana wetu hawalijui. Kiarabu kina fat-ha, kasra na dhumma, tatu tu, ila kila moja ina fupi na ndefu, na urefu unabadili maana: qatala ni aliua, qaatala ni alipigana. Kiswahili kina irabu tano lakini urefu haukipi shida; sisi tunavuta tu silabi ya pili kutoka mwisho, neno lolote. Kiha je? Kina irabu tano pia, lakini kinatenganisha fupi na ndefu. Kwa hiyo mzee aliyekulia Kiha sikio lake limeshazoea kupima urefu. Anayemcheka, mtoto wa mjini asiyejua ila Kiswahili, ndiye mara nyingi anavuta pasipo na madda. Z ya mzee inasikika haraka, huo mvuto wake hausikiki. Basi tunacheka tunachokisikia.

Katika Suratul Az-Zukhruf, aya ya 52, kuna mtu anamdharau mwenzake kwamba hawezi hata kujieleza sawasawa. Anayedharauliwa ni Nabii Musa. Anayedharau ni Firauni. Musa alikuwa amemwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, akataka na Harun amsaidie kwa kuwa ni fasaha zaidi. Hakuambiwa kwamba utume haumfai. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha kuwa anayesoma Qur'ani kwa kubabaika na kwa taabu ana ujira mara mbili.

(Kile kisa cha Bilal kugeuza shini kuwa sini tukiache. Ibn Kathir alisema hakina asili, na Bilal alichaguliwa kwa uzuri wa sauti yake.)

Lakini asitokee mtu akasema "Allah anajua nia, niacheni na ulimi wangu." Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, Fatiha ni nguzo katika kila rakaa. Mwenye uwezo wa kujifunza akazembea, sala yake iko hatarini. Aliyejitahidi ulimi ukagoma, sala yake ni sahihi, ila asimtangulie kama imamu anayesoma sawasawa. Ona fiqhi ilivyo na adabu: inamzuia kwenye mihrabu, haimpunguzii thamani. Sisi tunayachanganya hayo mawili.

Usiku huu, msikiti unaosoma juzuu kila siku utafika Suratu Hud, aya ya 41, Nabii Nuhu akiwaambia watu wapande jahazi. Tegeni sikio hapo. Kisomo chetu cha Hafs kina sehemu moja tu katika Qur'ani nzima ambapo fat-ha inainamishwa ikawa e, neno *majreeha*. Baadhi ya makabila ya Waarabu, kama Tamim, ndivyo walivyozungumza, na visomo vya Hamza na Kisai vina e hizo tele. Vyote ni Qur'ani. Kwa e hiyo mzee wetu hatahitaji mwalimu, ameikuta kwao.

Darsa ya tajwidi ya watu wazima ni baada ya Alasiri. Wabillahi tawfiq.