Mzazi ni Nani?

Liko neno moja ambalo sisi walimu hulipita upesi darasani: mzazi. Kwa maana ya kwanza, mzazi ni baba au mama wa mtoto. Kwa maana ya pili, ni mwanamke aliyejifungua karibuni, na ndiyo sababu hospitalini kuna wodi ya wazazi. Kwa kawaida maana hizo mbili hukaa pamoja bila ugomvi. Mwaka 2020 ulizitenga, na yafaa tutafakari.

Nchini Ukraine sheria yaruhusu mwanamke abebe kwa malipo mimba ya mume na mke wasiojaliwa kupata mtoto. Yai na mbegu ya kiume huunganishwa maabarani, kisha mimba hiyo changa hupandikizwa tumboni mwake. Sheria ya huko yawahesabu wale mume na mke kuwa ndio wazazi. Aliyejifungua si mama. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa gharama ni ndogo kuliko za Marekani, wageni wengi walikwenda huko, baadhi yao wakitoka Italia na Ufaransa, ambako jambo hilo limekatazwa.

Machi 2020, kwa ajili ya korona, Ukraine iliwafungia wageni mipaka. Lakini mimba haingoji amri ya serikali. Watoto walizaliwa, wazazi wakabaki ng'ambo. Mwishoni mwa Aprili zilionekana picha za watoto 46 wamelazwa safu kwa safu katika hoteli moja mjini Kyiv, wakitunzwa na wauguzi. Mwezi uliofuata Lyudmyla Denisova, wakati huo kamishna wa haki za binadamu wa bunge la nchi hiyo, alisema kwamba watoto waliokuwa wakingoja walikuwa kiasi cha 100, na kwamba wangeweza kufika 1,000. Ni mwezi Juni ndipo baadhi ya wazazi walipoanza kuwapakata.

Basi tujiulize: mtoto alipolia usiku, mzazi wake alikuwa nani? Mama wa kisheria alikuwa mbali, akimtazama kwa simu. Aliyemzaa alikwisha kuambiwa kwamba hahusiki. Muuguzi alikuwapo, lakini zamu yake ina mwisho.

Wako watakaowalaumu waliokwenda kutafuta mtoto ugenini. Mimi siwezi. Ajuaye jinsi neno tasa linavyomchoma mwanamke katika jamii zetu hatamcheka avukaye mpaka. Wala simlaumu aliyebeba mimba ili apate riziki. Kosa, nionavyo, li katika kudhani kwamba malezi huanza baada ya makabidhiano, kana kwamba mtoto ni shehena bandarini. Shehena yaweza kukaa ghalani hadi mwenyewe aje. Mtoto mchanga hana siku ya kungoja.

Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii twaitumia kuwakemea wazazi wazembe, lakini ina amri nzito zaidi: malezi hayaahirishwi. Sheria yoyote inayoruhusu mtoto atafutwe ng'ambo ya mpaka sharti imtaje, kabla ya mimba kutungwa, mtu atakayempakata iwapo njia itafungwa, naye awe na haki ya kuitwa mlezi. Kabla ya kuuliza mtoto ni wa nani, tuulize kwanza: yuko na nani?