Ndege Aliyeachwa Kondeni

Katika Walawi mlango wa 14 twasoma habari za kutakaswa kwake mwenye ukoma. Ndege wawili waliletwa: mmoja alichinjwa, wa pili akaachwa hai aende zake kondeni. Nasi twapenda kumwaza ndege yule akiuchukua unajisi mbali na watu.

Ndege wa mjini nao huchukua uchafu wetu, ila hawaupeleki mbali. Huko Nairobi wataalamu waliwachunguza watu, mifugo na ndege wa mwitu penye nyumba 99, wakatoa habari mwaka 2019. Katika ndege hao waliona vijidudu vya matumbo vilivyokwisha kushinda dawa. Je, ndege walipewa dawa na nani? Hawakunywa hata tone. Wao hula jalalani, hunywa mitaroni, hudonoa penye samadi. Wazee wa mtaa mmoja walituuliza kama yafaa kuwatilia kunguru sumu. Tukawajibu, La, kunguru hakuanza jambo hili.

Maana dawa ikiwa haba, vijidudu dhaifu hufa, vyenye nguvu husalia na kuzaana. Bwana Fleming, aliyevumbua penisilini mwaka 1928, alionya hivyo mwaka 1945 katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel. Alitoa mfano wa mtu aliyeumwa koo, akajitibu kwa dawa isiyotosha, kisha akamwambukiza mkewe. Mke akashikwa na kichomi, dawa ile ile isimfae, akafa. Fleming hakusita kumtaja mume kuwa ndiye mwenye hatia.

Nasi hatuna budi kuungama. Tulipougua kifua tulipewa vidonge vya siku 7. Siku ya 3 homa ikatoka, tukaviweka vilivyosalia. Mtoto wa jirani alipokohoa tukampa mamaye viwili, tukijiona wenye huruma. Usiku ule tulilala usingizi mwema. Baada ya juma moja mtoto akalazwa. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini dawa ya kwanza haikumfaa kitu. Hatuwezi kusema kosa lilikuwa letu, wala kusema silo hatuwezi.

Basi, walimu, mwendapo kuwaombea wagonjwa, ulizeni pia habari za vidonge. Tazameni kama mtungi wa maji una kifuniko, na kama samadi imefukiwa. Vidonge vilivyosalia asipewe mtu, wala visitupwe jalalani; virudishwe zahanati. Sisi vyetu tumekwisha kuvipeleka.