Tuzo ya Heine na Amana ya Marehemu

Marehemu hana mkono wa kupokea zawadi. Hata hivyo mwaka 1972, ilipotimia miaka 175 tangu Heinrich Heine azaliwe Düsseldorf, mji huo wa Ujerumani ulianzisha tuzo kwa jina lake. Mji ulikuwa na sababu ya kuona haya. Mshairi huyu, Myahudi aliyebatizwa mwaka 1825, alihamia Paris mwaka 1831. Miaka minne baadaye maandishi yake yakapigwa marufuku kwao, naye akafia ugenini mwaka 1856. Chemchemi ya marumaru aliyoichonga Ernst Herter kwa kumbukumbu yake ilikataliwa Düsseldorf, ikaishia Bronx, New York, mwaka 1899. Hata chuo kikuu cha mji kilizozana miaka na miaka ndipo kikakubali kuitwa kwa jina lake, mwaka 1988.

Wapo wanaosema tuzo hiyo ni fidia. Sikubali. Fidia hulipwa aliyedhulumiwa, na huyu hayupo. Isitoshe, wosia wake ulikataza hotuba yoyote kaburini pake, na sherehe za tuzo hazina kingine ila hotuba. Naiona kuwa amana. Mwenye kuachiwa jina la marehemu ni kama msimamizi wa mirathi: hulitunza kwa masharti. Mtu atauliza, amana ya asiyejua lolote ikivunjwa inamdhuru nani? Lakini wosia wote hutekelezwa mwenyewe akiwa hayupo kukagua, na hakuna anayeuona upuuzi kwa sababu hiyo. Ahadi inambana aliye hai.

Mwaka 2006 amana hiyo ilitiwa majaribuni. Jopo la tuzo lilimteua Peter Handke, mwandishi wa Austria, ambaye Machi mwaka huo alizungumza kwenye maziko ya Slobodan Milošević, rais wa zamani wa Serbia aliyeshtakiwa kwa uhalifu wa kivita. Madiwani wa mji kutoka vyama kadhaa wakasema watampinga, naye akajitoa kabla ya kura. Watetezi wake waliona aibu wanasiasa kumwandama mwandishi kwa jina la Heine, aliyeandamwa na serikali. Hoja nzito, ila inachanganya mambo: kupigwa marufuku ni kuzibwa mdomo, kukosa tuzo ni kukosa sifa tu, na vitabu vya Handke viliendelea kuuzwa. Kosa la madiwani liko kwingine. Walilikabidhi jopo uamuzi, kisha wakataka kulipokonya lilipochagua wasiyempenda. Na jopo halitoki bure: masharti ya tuzo yanataja haki za binadamu na maelewano baina ya mataifa, kwa hiyo lilikuwa na deni la kuwaeleza wafiwa wa mauaji ya halaiki ya Srebrenica, Bosnia, kwanza kabisa, limeyaona wapi hayo penye jeneza lile.