Frateri, Nikinunua Bunduki Nitakuwa Nimetenda Dhambi?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Tinde. Wanaoijua Tinde wanajua kwamba ni njia panda. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapa, mabasi ya Mwanza yanapita hapa, na vijana wanaotoka machimboni Kahama na Geita wanashuka hapa wakiwa na pesa mfukoni. Penye pesa pana biashara, na penye biashara wezi nao hawakosi.

Baba yangu mdogo anauza mchele. Wiki chache kabla sijafika, walimvunjia mlango saa nane usiku, wakamfunga kamba mbele ya mkewe na watoto, wakaondoka na mauzo ya wiki nzima. Hakuuawa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini mdogo wangu wa mwisho pale nyumbani, ana miaka sita, tangu siku ile akisikia mbwa anabweka usiku anaamka analia.

Jioni moja baba mdogo akaniita chini ya mwembe. "Frateri," akasema, "kuna mtu ananiuzia gobore. Bei nzuri, na makaratasi hayatakiwi. Nikilinunua nitakuwa nimetenda dhambi?"

Mimi nina shahada ya falsafa. Basi nikaanza kumweleza Mtakatifu Thoma wa Akwino. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema: "Mwanangu, umesoma. Lakini hujawahi kufungwa kamba huku watoto wako wanakutazama." Nikanyamaza. Haya ninayoandika leo ndiyo jibu nililopaswa kumpa jioni ile.

Kwanza, tuondoe wazo moja ambalo vijana wengi tunalo: kwamba Mkristo halisi akivamiwa anapaswa kukaa kimya tu, kwa sababu Yesu alisema tugeuze shavu la pili. Jamani, shavu ninaloweza kuligeuza ni langu. La mtoto wangu si langu kuligeuza. Naweza kusamehe kofi nililopigwa mimi, lakini siwezi kumtoa mtoto apigwe halafu nikajiita mpole. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2263 hadi 2265, inafundisha kwamba kujilinda ni halali, na kwamba kwa mwenye dhamana ya maisha ya wengine kuwalinda kunaweza kuwa wajibu mzito kabisa. Kwa hiyo baba mdogo hakuwa na kosa kuuliza. Angekuwa na kosa kama asingejali.

Pili, wajibu huo una kipimo. Thoma anasema tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili: moja ninalolikusudia, na jingine linalotokea nje ya kusudio langu. Ninayejilinda nakusudia kuokoa uhai. Mvamizi akifa katika purukushani hiyo, kifo chake si kitu nilichokitafuta. Lakini nikitumia nguvu kuliko inavyohitajika, tendo langu linaacha kuwa ulinzi.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinalieleza jambo hili kwa namna ambayo mtu wa kijijini anaielewa mara moja. Mwizi akikutwa anavunja nyumba usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini kama jua limeshachomoza, hatia ipo. Kwa nini? Mwizi ni yule yule, na nyumba ni ile ile. Kilichobadilika ni mwanga. Gizani hujui amekuja kuiba au kuua. Mchana unamwona, unaweza kumtambua, unaweza kuita watu. Ukijua zaidi, unaruhusiwa kidogo zaidi.

Sheria yetu nayo imekaa karibu na hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine, na hata kulinda mali. Lakini nguvu inayoruhusiwa ni ile ya kadiri, inayohitajika kwa ulinzi huo. Ukizidisha ukaua, unaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mwizi aliyetupa panga na kukimbia hakuhatarishi tena. Mwizi aliyeanguka na kuzungukwa na watu wenye mawe na tairi hamhatarishi mtu yeyote. Hapo tunapopiga kelele "mwizi, mwizi" na kumalizana naye, tusijidanganye kwamba tunajilinda. Tunalipiza kisasi, na wengi wetu tumewahi kusimama pembeni tukitazama.

Sasa niwasimulie kilichotokea siku nne baada ya mazungumzo yetu chini ya mwembe. Usiku wa manane tukasikia geti linasukumwa. Mbwa akabweka. Baba mdogo akatoka na panga, mimi nyuma yake na tochi ambayo betri ilikuwa imekwisha. Tuliona kivuli kinapita kando ya ghala. Baba mdogo akanyanyua panga, akauliza kwa sauti: "Nani wewe?"

"Ni mimi, baba."

Alikuwa mwanaye mkubwa. Alitoka machimboni bila kutuarifu, simu ilikuwa imezima chaji, na hakutaka kuamsha nyumba nzima kwa kupiga hodi.

Sikulala tena usiku ule. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Panga lina ukomo wake: ni lazima usogee, na ukisogea unasikia sauti, unaona umbo, unapata nafasi ya kuuliza. Bunduki inaua kutoka mlangoni hadi ghalani. Inakupa nguvu ya kutenda kabla hujajua. Na ni ujuzi huo, wa nani yuko mbele yako na anataka nini, ambao Torati, Thoma na sheria ya nchi vyote vinaudai kwako.

Je, hiyo inamaanisha bunduki ni haramu? Hapana. Inamaanisha kwamba anayeitaka awe ameshaamua mchana, akili ikiwa imetulia, mambo ambayo usiku hatapata muda wa kuyaamua. Nilimwandikia baba mdogo haya.

Gobore lisilo na makaratasi, liache. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha inamilikiwa kwa leseni, na maombi yanaanzia kwa serikali ya kijiji au mtaa, yanapitia kamati za ulinzi na usalama, hadi Jeshi la Polisi. Kumiliki silaha bila kibali kunahesabiwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi. Utawalindaje watoto wako ukiwa gerezani? Tena ule mlolongo unaotuchosha una hekima yake: majirani na viongozi wanaokujua wanaulizwa kama wewe ni mtu wa hasira, au wa pombe.

Ukishapata leseni, jiulize: itafungiwa wapi ambapo mtoto wa miaka sita hafiki? Risasi ikikosa shabaha, nyuma ya ukuta ule wa tofali mbichi amelala nani? Na je, utauliza "nani wewe?" hata ukiwa na bunduki mkononi?

Tena usisahau ulinzi usioua. Pesa ziende benki au kwenye simu. Weka taa uani. Patana na majirani kuhusu yowe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wetu wa Shinyanga na Tabora walianzisha Sungusungu kwa filimbi, pinde na mishale, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Walikosea pia, wapo walioadhibiwa bila kusikilizwa. Lakini walijua kwamba mtu mmoja mwenye hofu, peke yake gizani, si mlinzi mzuri.

Asubuhi baba mdogo aliniambia: "Lile gobore silitaki tena." Kisha akaongeza: "Lakini kwa mwenyekiti wa kijiji nitakwenda kuuliza fomu." Sikumkataza. Yeye ndiye mwenye watoto. Nilimwomba jambo moja tu, na nawaomba nanyi mtakaokuwa baba na mama kesho: kila usiku, kabla ya kufunga mlango, muwataje kwa majina wote wa nyumbani ambao bado hawajarudi, na muwaombee.

Bwana, mlinzi wetu usiku na mchana, utupe ujasiri wa kuwalinda wadogo, na moyo wa kuuliza kabla mkono haujapiga. Amina.